Nina dola 1,400 kwa mwezi: nikafundishe Kiingereza ughaibuni, au nibaki na kazi yangu ya mtandaoni?

Swali la msomaji: Nina miaka 31 na shahada ya uhasibu. Kwa miaka mitatu sasa natunza vitabu vya hesabu vya kampuni mbili ndogo za Marekani. Kazi yote naifanya kwa kompyuta nikiwa nyumbani, na kwa mwezi napata dola 1,400. Akiba yangu ni dola 3,000. Nataka kuishi nchi nyingine mwaka mmoja au miwili, mahali ambapo maisha ni rahisi. Baadhi ya rafiki zangu wananishauri nikafundishe Kiingereza Asia, wengine wanasema mwenye kazi ya mtandaoni hana haja ya kuhangaika na watoto wa watu darasani. Kiingereza nakizungumza na kukiandika vizuri, ila si lugha yangu ya kwanza, na pasipoti yangu si ya nchi za Magharibi. Nchi gani ndiyo rahisi zaidi?

Jibu: Ndugu yangu, neno "rahisi" limebeba mizigo miwili: kisicho cha bei, na kisicho na taabu. Katika safari unayoiwaza, viwili hivyo mara chache hukaa nyumba moja. Nchi yenye chumba kizuri cha dola 250 inaweza kukunyima karatasi ya kukaa humo, na nchi inayotangaza kwamba inakukaribisha inaweza kuwa ile ambayo mshahara wako utaisha tarehe 15. Kwa hiyo swali la nchi gani nitalijibu, lakini mwishoni. La kwanza ni hili: nani atakupa haki ya kukaa huko, na kwa masharti gani?

Tuanze na kazi yako ya mtandaoni, maana ndiyo inayokupa jeuri ya kuota. Tangu janga la korona, nchi nyingi zimefungua viza maalumu kwa watu wanaofanya kazi kwa kompyuta na kulipwa kutoka nje. Barbados ilianza Julai 2020, Estonia Agosti mwaka huohuo, Croatia Januari 2021, Ureno na Colombia Oktoba 2022, Uhispania mwanzoni mwa 2023, Japani Machi 2024, Thailand Julai 2024. Ukiangalia matangazo yake unamwona kijana mwenye kompyuta chini ya mnazi, na unajiona wewe. Sasa soma masharti. Barbados inataka kipato cha dola 50,000 kwa mwaka. Japani inataka yeni milioni 10, na hata ukiwa nazo inakupa miezi 6 tu. Ureno inataka mara 4 ya kima chake cha chini cha mshahara. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 870, kwa hiyo ulitakiwa kuonyesha euro 3,480 kila mwezi. Uhispania inataka mara 2 ya kima chake, nayo pia inakupita. Thailand inaangalia zaidi akiba: baht 500,000 benki, karibu mara 5 ya ulichonacho.

Wewe unaingiza dola 16,800 kwa mwaka. Najua utaniuliza kuhusu Malaysia, kwa sababu kila anayetafuta maisha nafuu huitaja Penang. Programu yao inaitwa DE Rantau, na kiwango kinachonukuliwa kila mahali ni dola 24,000 kwa mwaka. Umeshapiga hesabu kwamba ukipata mteja mmoja zaidi utafika. Kiwango hicho ni cha watu wa teknolojia: waandika programu, wabunifu wa tovuti, wauzaji wa mtandaoni na wenzao. Kwa fani nyingine, uhasibu ukiwemo, kizingiti ni dola 60,000. Na mtu mwenye dola 60,000 kwa mwaka hatafuti nchi rahisi.

Si kwamba wanakuonea. Viza hizi nyingi zilitungwa viwanja vya ndege vilipokuwa vitupu, na kilichotafutwa ni mgeni atakayekuja na fedha za nje, azitumie, asimnyang'anye mwenyeji ajira, kisha aondoke. Anayekuja kubana matumizi hakuwa akilini mwao.

Colombia ndiyo ambayo kizingiti chake kiko jirani na mfuko wako: mara 3 ya kima cha chini cha huko. Saa zake pia zingekufaa sana, maana mwaka mzima hazipishani na za New York kwa zaidi ya saa moja. Lakini kima hicho hupandishwa kila Januari, na kizingiti hupanda nacho. Zaidi ya hayo, viza yenyewe inawalenga raia wa nchi ambazo Colombia haizidai viza ya matembezi. Tafuta jina la nchi yako kwenye orodha hiyo kabla hujaanza kujifunza Kihispania. Georgia nayo imesifiwa kwa miaka mingi kwa sababu raia wa nchi nyingi wanaruhusiwa kukaa mwaka mzima bila viza, na mjasiriamali mdogo aliyesajiliwa huko hutozwa kodi ya asilimia 1 ya mauzo. Hapo pia yote yanategemea pasipoti, na masharti ya kazi kwa wageni yamekazwa. Usiende kwa kutegemea simulizi za mtu aliyekaa Tbilisi mwaka 2019.

Watakuwepo watakaokunong'oneza: ingia kama mtalii, fungua kompyuta chumbani, nani atajua? Ni kweli wengi hufanya hivyo na wengi hawakamatwi. Ila angalia anayekupa ushauri huo ameshika pasipoti ya wapi. Mwenye pasipoti inayofunguliwa milango anavuka mpaka bila hata kuulizwa jina la hoteli. Wewe utaulizwa tiketi ya kurudi, taarifa ya benki, na kwa nini umekuja mara ya tatu mwaka huu. Na hata wakikuruhusu, kila siku 90 zikiisha unanunua tiketi, unalipia viza mpya, unalala hotelini ukisubiri majibu, na wateja wako wanasubiri hesabu. Ulaya ya Schengen ndiyo inayobana zaidi: siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo zinajumlishwa kwa nchi zote za eneo hilo, kwa hiyo kuhama kutoka Uhispania kwenda Ufaransa hakukuongezei hata siku moja.

Sasa tuje kwenye ualimu. Rafiki zako wanaousifu wanafikiria mshahara. Mimi, kwa mtu wa hali yako, naangalia kitu kingine: shule au kituo cha lugha kikikuajiri kihalali, chenyewe ndicho kinachokuombea kibali cha kazi, na juu ya kibali hicho unapata haki ya kukaa. Ukipiga hesabu ya tiketi, viza na usingizi ambavyo kibali hicho kinakuokolea, ni sehemu kubwa ya malipo yako.

Lakini si kila mlango uko wazi. Korea Kusini, kwa viza yake ya kufundisha lugha iitwayo E-2, huwachukua raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Nje ya orodha hiyo, hata Kiingereza chako kiwe kitamu namna gani, njia hiyo kwa kawaida imefungwa. Inauma, kwa sababu Korea si nchi ya bei nafuu hata kidogo, na bado mwalimu huko mara nyingi huweka akiba kuliko mwenzake aliye kwenye nchi nafuu: waajiri wengi hutoa nyumba, na anayemaliza mwaka hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja kwa mujibu wa sheria. Usipolipa kodi ya nyumba, bei ya nyanya sokoni haina uzito mkubwa. China nayo kwa kiasi kikubwa huwataka wazawa wa lugha, yaani watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza.

Japani ina kipengele ambacho watu wa pasipoti kama yako hawakijui. Kwa baadhi ya viza za kufundisha lugha, wanachouliza ni miaka 12 ya elimu kwa lugha hiyo. Kama ulisoma kwa Kiingereza miaka mingi kiasi hicho, omba barua kutoka kila shule na chuo ulichopita zinazotamka wazi kwamba lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Barua ya namna hiyo inasaidia hata nchi nyingine, na ni bora uiombe sasa kabla mkuu wa shule anayekukumbuka hajastaafu. Thailand huwaajiri wengi wasio wazawa, hasa shule za serikali na za mikoani, na shule huwadai matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS. Mshahara wa kawaida huko kwa mwalimu mgeni ni kati ya baht 25,000 na 40,000, na asiye mzawa mara nyingi huangukia nusu ya chini. Vietnam inamtambua kisheria mwalimu asiye mzawa katika vituo vya lugha, mradi awe na shahada, cheti cha ualimu wa lugha na uthibitisho wa Kiingereza cha kiwango cha juu, C1 kwa vipimo vya Ulaya. Shahada unayo.

Nisikufiche jambo moja. Utakutana na matangazo ya kazi yanayotaka picha kabla ya wasifu, na mengine yanaandika bila aibu "wazawa tu" hata pale sheria isiposema hivyo. Kuna vituo vinavyowauzia wazazi sura ya mwalimu kuliko somo lake. Sitakuambia uvumilie tu, wala sitakuambia kwamba haitakuumiza. Nitakuambia pa kupita: watu wazima. Mhasibu wa Hanoi anayejiandaa kwa mitihani ya uhasibu ya ACCA, ambayo hufanywa kwa Kiingereza, hajali umezaliwa wapi. Anajali kama unajua tofauti ya gharama iliyolimbikizwa na gharama iliyolipwa kabla, na kama unaweza kumweleza taratibu. Walimu wa Kiingereza ni wengi. Wanaoweza kufundisha Kiingereza cha hesabu ni wachache, na wewe ni mmoja wao kabla hata hujasomea ualimu.

Kuhusu cheti: matangazo mengi ya kazi hutaka kozi ya saa 120. Kuna kozi za mtandaoni unazomaliza kwa wikendi mbili ukibofya majibu, ilhali cheti kinadai saa hizo 120. Zinaweza kukupitisha kwenye karatasi, ila hazitakusaidia Jumatatu ya kwanza. CELTA ya Cambridge nayo ina saa 120, lakini ndani yake kuna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi amekaa nyuma akiandika makosa yako. Ukiisoma kwa kutwa inachukua wiki 4 au 5, na katika wiki hizo usitarajie kufunga hesabu za mteja yeyote. Ni ghali. Kwa mtu ambaye hajawahi kusimama darasani na ambaye si mzawa, naiona inalipa. Kwa anayetaka mwaka mmoja tu wa kutembea, pengine hailipi, na kozi ya kawaida yenye mazoezi ya darasani inatosha.

Na darasa lenyewe? Kituo cha lugha hufanya kazi wakati wanafunzi wametoka shule na wazazi wametoka kazini: jioni, na Jumamosi na Jumapili kutwa nzima. Mkataba ukisema saa 20 kwa wiki, hizo ni saa za kusimama mbele ya wanafunzi. Maandalizi, kusahihisha, na kikao cha kueleza kwa nini mtoto wa fulani hajapanda ngazi haviko ndani yake. Watoto wa miaka 5 wanahitaji mwili wako mzima, utaruka, utaimba, utatambaa. Kuna watu hili linawapa uhai, na kuna watu ambao ifikapo wiki ya tatu wanahesabu siku kama wafungwa. Jipime kabla: tafuta darasa lolote la kujitolea, ufundishe mara sita. Kama mara ya sita bado unaangalia saa ya ukutani, umeokoa tiketi ya ndege.

Lipo pia wazo la kufundisha Kiingereza mtandaoni. Lichukue kama kazi ya pembeni tu. Julai 2021 serikali ya China ilitoa kanuni za kupunguza mzigo wa masomo ya ziada kwa watoto wa shule, na ndani yake walimu walioko nje ya nchi wakapigwa marufuku kuwafundisha watoto hao. Maelfu ya walimu waliokuwa wakiishi nchi nafuu kwa kutegemea jukwaa moja walijikuta hawana kipato kabla mwaka haujaisha. Hakuna aliyekuwa amekosea kazi.

Hapo naomba nikuambie kilichonipata mimi, maana kinahusu neno lako "rahisi". Mwaka wangu wa kwanza nje niliishi miji 6. Kila mji niliuchagua kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa chini kuliko niliotoka. Mwisho wa mwaka nilipokaa kujumlisha, wastani wa mwezi ulikuwa juu kuliko kama ningekaa mji wa kwanza, ule ghali kuliko yote, miezi 12. Kodi za nyumba hazikuwa tatizo. Zilikuwa tiketi za basi na ndege, siku za hotelini katikati, sufuria na mashuka niliyonunua mara sita, laini mpya za simu, amana mbili za nyumba ambazo sikurudishiwa kwa sababu sikupiga picha za kuta siku ya kuingia, na saa za kazi zilizopotea nikitafuta chumba chenye intaneti ya kuaminika. Anayekaa kwa wiki hulipa bei ya mgeni. Anayesaini miezi 6 huanza kulipa bei inayokaribia ya mwenyeji. Kwa hiyo unapolinganisha nchi, linganisha mwaka mzima wa kukaa mahali pamoja. Na ulinganishe na hali ya hewa yake yote: Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mwezi wa Novemba ni pazuri mno, lakini kuanzia Februari hadi Aprili moshi wa kuchoma mashamba na misitu hufunika mji, na wengi hulazimika kukodi nyumba ya pili kwingine huku ya kwanza ikiendelea kulipiwa.

Bima ya afya usiifanye kitu cha kununua ukishafika. Isome mahali pamoja tu kama huna muda: sehemu ya pikipiki. Kusini-mashariki mwa Asia karibu kila mtu anapanda pikipiki, na wewe utapanda. Bima nyingi hukataa kulipa ajali kama huna leseni halali ya pikipiki katika nchi hiyo. Vietnam inatambua leseni ya kimataifa iliyotolewa chini ya Mkataba wa Vienna wa 1968, na haitambui ile ya Mkataba wa Geneva wa 1949. Vijitabu viwili vinafanana, rangi ileile, na kimoja hakina kazi. Anayekukodisha pikipiki hatakuuliza. Hospitali na bima watakuuliza. Angalia mwaka ulioandikwa kwenye jalada lako.

Benki na simu, kwa ufupi: uwe na kadi mbili za benki tofauti, na usizibebe kwenye pochi moja. Laini yako ya nyumbani iendelee kuwa hai, kwa sababu benki hutuma namba za siri kwa ujumbe mfupi, na mtu anaweza kukaa wiki mbili akiona fedha zake kwenye skrini bila kuzigusa. Kuhusu intaneti, usidanganyike na kasi ya kushusha; pima kasi ya kupandisha, upime saa zile ambazo wewe utafanya kazi, kutoka meza ambayo wewe utakalia.

Saa. Kampuni zako ziko Marekani. Tuseme ziko pwani ya mashariki: saa tatu asubuhi ya New York ni saa tatu usiku ya Da Nang, Vietnam, wakati wa baridi yao, na saa mbili usiku wakati wa kiangazi. Kituo cha lugha kinakutaka jioni, na mteja anakutaka usiku. Wiki tatu za mwezi utaweza. Wiki ya kufunga hesabu za mwezi ndiyo itakayokuvunja, hasa ikiangukia wiki ya mitihani ya kituo. Ndiyo maana nashauri ubaki na mteja mmoja kati ya hao wawili, yule asiyehitaji mazungumzo ya video, anayeridhika kukuta kazi imekamilika akiamka. Na umwarifu mwajiri mpya: kibali cha kazi kwa kawaida hufungwa kwa mwajiri mmoja, kwa hiyo taka ruhusa ya maandishi ya kazi hiyo ya pembeni, na kama hawaitoi, jua hivyo kabla ya kusaini.

Kodi ya mapato wewe mwenyewe ni mhasibu, nitagusa mawili tu. Ukikaa Vietnam siku 183 au zaidi, unahesabiwa mkaazi kwa mambo ya kodi, na mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima, dola zako za Marekani zikiwemo. Soma kama nchi yako ina mkataba nayo wa kuzuia kutozwa mara mbili. Na ile fomu ya kodi ya Marekani iitwayo W-8BEN uliyowajazia wateja wako ina anwani na nchi yako ya kikodi. Ukihama, unatakiwa kuwapa mpya ndani ya siku 30. Watu wengi husahau, kisha mhasibu wa mteja anashtuka mwisho wa mwaka.

Basi nchi. Kwa shahada yako, kipato chako, pasipoti uliyoielezea na umri wako, ningeenda Vietnam kwa mkataba wa mwaka mmoja na kituo cha lugha, kwenye mji wa ukubwa wa kati kama Da Nang au Hai Phong, nikiwa na mteja mmoja wa hesabu. Mtu mmoja asiye na makuu huishi huko vizuri kwa dola 700 hadi 900 kwa mwezi. Vituo hulipa kwa saa. Utasikia dola 15 hadi 20, na wewe unaweza kuanzishiwa chini ya hapo hadi wakujue. Ukijumlisha na mteja mmoja, utaishi na utaweka kidogo. Thailand ni chaguo langu la pili, kwa anayependa shule ya kawaida yenye likizo ndefu kuliko kituo cha jioni. Kama baada ya kujipima utagundua darasa si lako, basi jibu langu linabadilika kabisa: baki ulipo, ongeza wateja, na uangalie upya viza za Colombia na nyinginezo kipato kikishapanda. Kuishi kwa kujificha kwenye viza ya utalii sikushauri.

Usiondoke na dola 3,000. Tiketi, hoteli ya wiki mbili, amana ya mwezi mmoja au miwili, kodi ya mwezi wa kwanza, ada za vibali, na wiki 5 au 6 kabla ya mshahara wa kwanza kuingia vitazimaliza zote, na hutakuwa na nauli ya kurudi. Fika 5,000, na nauli ya kurudi ikae kwenye akaunti ambayo kadi yake huibebi.

Vituo viwili vya kukimbia: kinachokutaka utume fedha ili "kishughulikie" viza yako, na kinachokuambia uje kwa viza ya utalii uanze kufundisha mara moja, karatasi zitafuata. Wakaguzi wakija, anayefukuzwa nchini ni mwalimu. Viza ya mtandaoni ya siku 90, ambayo Vietnam huitoa kwa raia wa nchi zote tangu Agosti 2023, ni nzuri kwa kwenda kuangalia mji, kukaa nyuma ya darasa na kuzungumza na walimu waliopo. Kupokea mshahara kwayo ni kosa. Na shahada yako halisi usimwachie mtu yeyote "kwa muda". Mpe nakala iliyothibitishwa.

Mpangilio wa karatasi una maana. Anza na shahada, kwa sababu kuithibitisha huchukua muda usioweza kuuharakisha: kama nchi yako na unakokwenda zote ziko kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961, apostili moja, yaani muhuri unaotambuliwa na nchi zote za mkataba huo, inatosha; kama nchi moja haimo, utapitia mihuri ya wizara kisha ya ubalozi. Kisha fanya mtihani wa Kiingereza, ambao matokeo ya IELTS huhesabiwa halali kwa miaka 2. Kisha kozi. Cheti cha polisi kiombe mwisho kabisa, ukiwa na mkataba mkononi, maana wengi hukitaka kiwe hakijapita miezi 6, na nimewaona watu wakilipia mara mbili kwa kukiombea mwanzoni.